Sheria Kwanza, Programu Baadaye

Kuna wakati Bunge la Kenya lilikuwa na tovuti, kisha likawa halina. Baadhi ya waheshimiwa waliona haya wasifu wao, pamoja na shule walizosoma na kazi walizowahi kufanya, kuanikwa mbele ya kila mwenye kompyuta. Wakalalamika, na tovuti ikazimwa. Mkenya wa kawaida alicheka, akaendelea na shughuli zake. Ory Okolloh, aliyekuwa amehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2005, hakuishia kucheka. Mwaka 2006 yeye na mwanaprogramu Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, tovuti ya kumfuatilia mbunge mmoja mmoja: amesema nini bungeni, ameuliza maswali gani, ameleta hoja ipi, au amekalia kiti miaka mitano bila kufungua kinywa.

Kisa hiki kilianzia mbali na Butere, lakini Butere, huku Kakamega, ina haki ya kukisoma kama chake. Ni wapi tena nchini panapojulikana vyema kiasi hicho gharama ya neno lililosemwa bungeni? Oktoba 1975 mbunge wa Butere, Martin Shikuku, aliyejiita mlinzi wa wananchi, alisimama akaonya kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney alijibu kwamba jambo lililo wazi halina haja ya kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Waliachiliwa mwaka 1978, baada ya kifo cha Jomo Kenyatta.

Serikali iliweza kumfungia Shikuku. Haikuweza kuyafungia maneno yake, kwa sababu yalikuwa yameshaingia katika Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Kwa miongo kadhaa, hata hivyo, kumbukumbu hizo zilikuwa za wachache: wanahabari, maktaba kubwa, na mawakili waliojua pa kuzitafuta. Mpiga kura wa Butere hakuwa na njia ya kujua mbunge wake alisema nini Jumanne iliyopita, sembuse miaka mitatu iliyopita.

Okolloh aliliona pengo hilo kwa jicho la kisheria. Siku hizi hadithi za mafanikio ya teknolojia husimuliwa kana kwamba fulani aliacha taaluma kavu ya zamani akakimbilia mpya yenye nuru, na wazazi huzisikia hivyohivyo. Maisha ya mwanamke huyu yanapinga simulizi hiyo. Alichokipeleka kwenye teknolojia ni tabia aliyofunzwa na sheria, ile ya kutokubali dai lolote bila kuuliza limeandikwa wapi, limeshuhudiwa na nani, na litasimama vipi likihojiwa. Waandishi wa programu walikuwepo Nairobi kabla yake, na wengi walimshinda kwa ustadi wa kompyuta. Swali la kuuliza ndilo lililokuwa haba.

Juni 2007, katika mkutano wa TED uliofanyika Arusha, alisimulia jinsi wazazi wake walivyohangaika na karo ili abaki katika shule nzuri. Kutoka hapo alikwenda Marekani, akasoma sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kisha sheria Harvard. Alipitia kampuni ya mawakili ya Covington & Burling, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na Benki ya Dunia. Kwa orodha kama hiyo, mzazi yeyote wa Kakamega angeshaagiza fahali wa sherehe na kumsubiri binti arudi na gari. Binti akarudi na tovuti ya kuwahesabu wabunge.

Halafu ukaja uchaguzi wa Desemba 27, 2007.

Okolloh alikuwa amerudi nyumbani kupiga kura. Tarehe 30 matokeo yalitangazwa, Mwai Kibaki akaapishwa jioni hiyohiyo, na Waziri wa Usalama John Michuki akapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nchi ikaanza kuwaka huku redio na televisheni zikiwa zimefungwa mdomo. Watu wakaanza kumwandikia Okolloh katika ukurasa wake wa mtandaoni: hapa nyumba imechomwa, kule polisi wamefyatua risasi, pale barabara imefungwa. Habari zikawa nyingi kuliko mtu mmoja awezavyo kuzipokea, kuzichuja na kuzichapisha. Alipofika Johannesburg, alikokuwa akiishi, aliandika Januari 3, 2008 akiuliza kama kuna wataalamu wa kompyuta walio tayari kutengeneza ramani itakayoonyesha kila tukio mahali lilipotokea.

Waliojibu ni pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, kila mmoja na kazi yake. Kobia, aliyekuwa Alabama, aliandika sehemu kubwa ya programu. Baada ya siku chache tu tovuti waliyoiita Ushahidi ilikuwa hewani. Mtu aliweza kutuma taarifa kwa intaneti au kwa ujumbe mfupi wa simu, na tukio likaonekana kwenye ramani pamoja na tarehe na maelezo yake.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kutua. Katika siku zile kila simu ilikuwa na uvumi wake. Ujumbe wa chuki ulisambaa sawa na ujumbe wa kuomba msaada, na mwenye nia mbaya angeweza kubuni mauaji katika kijiji kisichokuwepo. Kupachika kila kitu kwenye ramani kungekuwa kumwaga petroli. Okolloh na wenzake waliweka utaratibu: taarifa ililinganishwa na vyanzo vingine, na ile iliyoonekana ya kuaminika lakini haikupata chanzo cha pili ilichapishwa ikiwa na alama kwamba bado haijathibitishwa. Kazi hiyo ilifanywa na macho ya binadamu, kwa simu na barua pepe, usiku kucha. Hakuna msimbo wa kompyuta uliojua tofauti kati ya aliyeona na aliyeambiwa. Mtu aliyesoma kanuni za ushahidi huijua tofauti hiyo tangu mwaka wa kwanza.

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliporipoti Oktoba 2008 ilihesabu vifo 1,133. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamehama makwao. Kisumu, mji ambao reli ya Butere iliuunganisha na Magharibi, ulikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi, wengi wa waliofariki humo wakiwa wamepigwa risasi na polisi. Programu ile iliyozaliwa kwa haraka haikuishia Kenya. Mwaka huohuo wa 2008 ilitumika Afrika Kusini wakati wa mashambulizi dhidi ya wageni, kisha mashariki mwa Kongo. Tetemeko la ardhi lilipoivunja Haiti Januari 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani waliiendesha, huku Wahaiti wa ughaibuni wakitafsiri ujumbe wa waliofukiwa na waliokosa maji.

Sifa zisizidi kipimo. Ramani haikumpeleka mtu jela. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kesi ya ghasia hizo dhidi ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, na ile dhidi ya William Ruto na Joshua Sang ikakomeshwa Aprili 2016. Mashahidi walijitoa, wengine walibadili kauli. Nukta nyekundu kwenye ramani inaweza kuwaambia wenye kuleta misaada mahali pa kwenda. Haiwezi kuapishwa, haiwezi kuhojiwa na wakili wa upande wa pili. Wanaopenda kusema kwamba teknolojia itaiponya Afrika huiruka sura hii ya hadithi. Teknolojia ilifanya sehemu yake ndani ya wiki moja. Taasisi za sheria zilikuwa na miaka minane, zikashindwa.

Suala la pesa nalo lisifichwe, maana neno mjasiriamali huwachanganya wengi. Peter Thiel naye alisoma sheria, huko Stanford, akafanya kazi miezi michache katika kampuni kubwa ya mawakili ya New York, akatoka, na mwaka 1998 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kilichokuja kuitwa PayPal. Leo ni bilionea. Okolloh na wenzake walianzisha shirika lisilo la faida, wakaiachia dunia programu yao itumike bure, na kutegemea wafadhili. Mwishoni mwa 2010 aliondoka Ushahidi, akajiunga na Google kama meneja wa sera wa Afrika. Mwaka 2013 alihamia Omidyar Network kusimamia uwekezaji barani, na mwaka 2014 jarida la TIME likamtaja kati ya watu 100 wenye ushawishi zaidi duniani. Baadaye aliingia katika biashara ya mifuko inayowekeza kwenye kampuni changa za Afrika. Kwa hiyo alianza kwa kujenga bila kuuza, akamalizia kwa kuwachagulia wengine mtaji. Anayemwona Okolloh kama njia ya kupata utajiri wa haraka amekosea mlango. Na anayemlaumu kwa kwenda Google ajiulize ni nani aliyekuwa tayari, hapa Kenya, kulipia kazi ya kuwahesabu wabunge.

Wapo wengine walioshika njia hiyohiyo bila kelele. Huko Uganda, Gerald Abila alianzisha BarefootLaw mwaka 2012 kwa ukurasa wa Facebook wa kujibu maswali ya sheria ya watu wasioweza kumlipa wakili. Baadaye majibu yakaanza kwenda pia kwa ujumbe mfupi wa simu. Nchini Kenya, wakili Michael Murungi aliliongoza Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, linalojulikana kama Kenya Law, katika kipindi ambacho hukumu za mahakama na sheria za nchi ziliwekwa mtandaoni bila malipo. Kabla ya hapo, hukumu zilisomwa katika vitabu vya bei ya kuogofya. Leo mwanafunzi wa Butere mwenye simu na bando la shilingi 20 anaweza kusoma uamuzi wa Mahakama ya Juu kwa maneno ya majaji wenyewe. Huo ni ujasiriamali wa kweli, hata kama haukumzalia mtu hisa.

Lipo pingamizi linalostahili kujibiwa. Kijana wa leo atasema: programu ni rahisi, naijenga kwa siku mbili, wakili wa nini? Na amjibu Rose Njeri, mwanaprogramu wa Nairobi. Mwezi Mei 2025 alitengeneza ukurasa ulioweza kumsaidia mwananchi kutuma barua pepe bungeni kupinga vipengele vya Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Tarehe 30 alikamatwa. Akalala kizuizini sikukuu ya Madaraka yote, kisha akashtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kwa madai ya kuingilia mfumo wa kompyuta. Juni 20 mahakama ilitupilia mbali mashtaka, ikisema hayakuonyesha kosa lolote. Katiba, katika kifungu cha 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Yeye aliwaandalia njia tu. Lakini kati ya kukamatwa na kuachiliwa huru palihitajika mawakili, si wanaprogramu. Msimbo wake haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwa waliodhani kuandika barua kwa wingi ni jinai, na kasoro ya namna hiyo hurekebishwa kizimbani.

Butere yenyewe imewahi kuonja jambo hili, mara mbili. Mwaka 2013 igizo la Shule ya Wasichana ya Butere, Shackles of Doom, lililoandikwa na Cleophas Malala, lilizuiwa kuingia tamasha la kitaifa la maigizo. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani na Jaji David Majanja akaondoa marufuku. Aprili 2025 shule hiyohiyo ilikuwa na igizo jingine la Malala, Echoes of War, kuhusu vijana wa kizazi cha mitandao wanaokabiliana na watawala wao katika ufalme wa kubuni. Likazuiwa tena. Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu, Kisii, akaamuru waruhusiwe. Wasichana walifika Nakuru, mwelekezi wao akiwa amekamatwa, bila hadhira. Wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Polisi wakarusha vitoa machozi.

Mara zote mbili amri ya mahakama ilipatikana. Mara ya pili amri ilikuwepo kwenye karatasi, na ukumbi ukabaki mtupu. Lakini nchi nzima ilijua kilichotokea, dakika kwa dakika, kwa sababu ya simu za mkononi. Wasichana wale walijifunza kwa siku moja somo ambalo vyuo hulifundisha kwa miaka: haki ya kusema, amri ya jaji, kamera ya simu na nguvu ya dola ni mambo yanayokutana mlango mmoja. Baadhi yao sasa wanajaza fomu za kuchagua kozi za chuo kikuu. Ni kosa kubwa kuwaambia wachague kati ya sheria na kompyuta. Shule yao, iliyoanzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1916, ilimsomesha Grace Ogot, aliyekuwa muuguzi, kisha mtangazaji wa BBC, kisha mwandishi wa vitabu, kisha mbunge wa Gem. Hakuna aliyemwambia abaki wodini.

Kazi ya kufanya ipo, na iko karibu. Tangu Machi 2024 Idara ya Mahakama imeeneza usajili wa kesi mtandaoni kote nchini. Ni hatua njema kwa wakili mwenye ofisi. Kwa mjane anayetafuta urithi wa shamba la marehemu mumewe, maana yake ni kwenda saiba na kumwachia kijana asiyejua sheria ajaze fomu itakayoamua nani alale wapi. Kijana halaumiwi, ndiye pekee aliyekuwa na kompyuta. Ila fomu ikikosewa jina au namba ya shamba, miaka inapotea.

Au tuchukue miwa. Kampuni ya sukari ya Mumias, iliyonunua miwa ya Butere kwa miongo, iliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilifuta mkataba wa kuikodisha kwa mwekezaji, na mzozo ukaendelea. Katika muda huo wote mkulima alibaki na karatasi: risiti za uzani, barua za mkopo wa mbolea, madai ambayo hayajalipwa. Nyingi zimeliwa na mchwa. Hapo pana nafasi ya wakili na mwanaprogramu kuketi meza moja: kuzipiga picha risiti, kuzipanga kwa jina na tarehe, kuzihifadhi kwa namna ambayo mahakama itazipokea. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, hufundisha kompyuta. Mawakili wa kaunti hiyo wako hatua chache kutoka lango lake. Hadi lini kila upande utamsubiri mfadhili wa kuwatambulisha?

Mzalendo nayo bado ipo. Sasa ni shirika linalotoa kila mwaka tathmini ya wabunge kwa kuhesabu michango yao katika Hansard, na kila mwaka wapo waheshimiwa wanaokasirika kwa kutajwa miongoni mwa mabubu. Hesabu kama hiyo haijafanywa vya kutosha kwa mabunge ya kaunti, ambako ndiko yanakoamuliwa masuala ya zahanati, barabara za mitaani na basari. Mwakilishi wa wadi anaweza kumaliza muhula wake bila mtu kujua alipiga kura ipi juu ya bajeti.

Hakuna sababu ya kumngoja Okolloh mwingine arudi kutoka Harvard. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, iliyotokana na kifungu cha 35 cha Katiba, inamruhusu raia yeyote kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma kwa barua, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila ada ya kuwasilisha ombi. Ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi. Ikikataa au ikinyamaza, mwombaji huenda kwa Tume ya Utawala wa Haki. Mkazi wa Butere anayetaka kujua ni nani walipata basari katika wadi yake mwaka huu, au mkandarasi wa barabara yao amelipwa kiasi gani, aandike barua hiyo wiki hii, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.